Kipimo cha Asubuhi

Kila siku, saa kumi na mbili alfajiri,
Baba alishuka ngazi mia mbili na kumi na nne,
taa mkononi, mkate mfukoni,
akainamia kipimo, akapanda tena,
akapiga simu mjini, akataja tarakimu tatu.
Basi. Hakusalimu, hakusalimiwa.
Ndiyo kazi ya Ermete Zanolin,
miaka thelathini na mmoja, theluji au jua,
isipokuwa siku niliyozaliwa:
alitaja tarakimu zake tatu
akaongeza, "na msichana."
Wa mjini akauliza, "Msichana wa mita ngapi?"

Kabla ya ukuta palikuwa na korongo tu,
jembamba, hata jirani wa ng'ambo
ungemwazima chumvi kwa kumrushia.
Wapimaji walifika mwaka wa ishirini na sita
na fito zao za mistari myekundu na myeupe.
Bibi yangu Dosolina aliwapikia sima ya manjano,
akawauliza wanatafuta nini huku Valtorba.
"Maji," wakasema.
Akawaonyesha mtungi.

Miaka minne zege lilipanda kwa ndoo za chuma,
likining'inia kwenye waya usiku na mchana.
Wakaja wanaume wa kusini, mikono iliyozoea mizeituni,
ambao hawajawahi kuiona theluji.
Wengine waliiona mara moja tu.

Bamba la shaba lina majina kumi.
Bibi alihesabu bakuli za kantini:
kumi na moja zilikosa wenyewe.
Wa mwisho alikuwa kijana wa kubeba maji,
aliajiriwa Jumatatu, kwa mdomo,
na mdomo wa msimamizi ukasahau kabla ya Jumatano.
Mingo. La ukoo hakuna aliyelijua.

Siku ya ufunguzi bendi ilipuliza tarumbeta,
askofu akanyunyiza maji juu ya maji,
mitambo ikanguruma,
na umeme ukapita juu ya mapaa yetu ya mawe
kwenda kuzungusha viwanda vya nguo huko tambarare.
Miaka tisa tulikaa chini ya zile nyaya
tukisoma kwa kibatari.
Sisi tulishika pembe, wengine wakakamua.
Bibi akianika nguo alitega sikio juu:
"Hayo yanayovuma ni maji yetu. Yanapita."

Hata hivyo, muulize mtu wa hapa kwao ni wapi,
atakuchorea hewani mkunjo wa ule ukuta.
Umo kwenye nembo ya timu yetu, inayofungwa kila Jumapili,
kwenye chupa za asali, kwenye picha za harusi
(bibi harusi upande wa maji, kamwe si upande wa shimo).
Tuliouchukia ndio sisi
tunaomfokea mgeni akiuita mbaya.

Na mbuzi wa milimani wamegundua kwamba zege linatoa chumvi.
Vuli ikifika wanaukwea, wima kabisa, wakilamba.
Waliojenga walifungwa kamba; hawa wanatembea tu.
Mhandisi anasema ni chumvi ya mawe.
Bibi alisema ni jasho.
Sikuwahi kuwaamua.

Mwaka wa tisini na nne wakafunga kifaa
kinachojipimia na kujipigia simu chenyewe.
Baba akarudisha funguo, taa akabaki nayo.
Akaendelea kushuka. Tarakimu tatu alimwambia mbwa,
na njiani akirudi aliandika kwa mkaa
chini ya jina la kumi: Mingo.
Mvua ilifuta. Aliandika.

Sasa ngazi ni zangu,
na magoti yangu yanazijua kwa hesabu.
Leo nimesoma sita, moja, nane.
Mkaa nimeusahau nyumbani;
nimetumia wanja wa binti yangu.
Wingu limeshaziba kilele cha magharibi.
Kesho nije na mkaa.